Kumi na moja wenye majina: timu za visanamu vya Blood Bowl

Watu wengi wanaopaka rangi visanamu vya gemu za mezani wanaanza na majeshi, na mi sina ugomvi na majeshi, yanapendeza sana yakipangwa mezani. Ila jeshi linaweza kuwa na askari mia na ushee, na ukishamaliza wale ishirini wa mwanzo waliobaki unawapaka kama unapaka ukuta, mkono unaenda tu. Timu ya Blood Bowl wanaoingia uwanjani ni 11, na daftari la timu mwisho linabeba 16, basi. Hakuna wa kujificha nyuma ya mwenzake. Kila mmoja ana namba mgongoni, ana jina, ana kazi yake, na akifa anakufa kweli, msimu ujao hayupo. Hicho ndo kitu nnachotaka kuongelea leo, manake nikiangalia jinsi watu wanavyonunua na kupaka timu zao naona wengi wanaangalia uzuri wa kisanamu kimoja kimoja wanasahau kwamba hii ni timu, na timu ina mahitaji yake ambayo kisanamu cha kuweka kabatini hakina.

Kwa ambao hii gemu hawajawahi kuiona: Blood Bowl ilibuniwa na Jervis Johnson na ikatolewa na Games Workshop, ile kampuni ya Nottingham, mwaka 1986. Chukua futiboli ya Kimarekani, ile ya makofia na mabega makubwa, uihamishie kwenye dunia ya hadithi za kale halafu uwape jezi orki, elfi, madwafu, mizombi, na panya wanaotembea wima kwa miguu miwili wanaoitwa Skaven. Uwanja ni ubao wa miraba 26 kwa 15. Makocha ni wawili, kila mmoja ana zamu 8 kila kipindi, unabeba mpira mpaka mstari wa mwisho wa mwenzako, hilo ni bao. Katikati hapo kupigana ni halali kabisa, na kupigana kuna dadu zake maalum, hazina nukta zina picha: fuvu (umeanguka wewe), wote chini, msukume (hii ipo mara mbili), ajikwae, na aanguke. Na sheria inayofanya moyo udunde ni hii, mchezaji wako akianguka wakati wa zamu yako, zamu imeisha hapohapo hata kama ulikuwa na mipango ya wachezaji nane wengine. Kwa hiyo kila unachogusa mezani unakigusa kwa mpangilio, kwanza salama, baadaye hatari, na macho yako muda wote yanazunguka ubaoni yanatafuta nani yuko wapi na anaweza nini.

Hapo kwenye macho ndo pa kuanzia.

Timu inanunuliwa kwa hela za ndani ya gemu, kila kocha anaanza na dhahabu 1,000,000. Mi nacheza Skaven, kwa hiyo ntatumia hao, na bei na kanuni ni za kitabu cha 2020. Panya wa kawaida wa mstari wa mbele ni 50,000. Wapo wagongaji, blitza, 90,000 kila mmoja, mwisho wawili. Wapo warushaji, 85,000. Na wapo wale ambao ndo sababu ya mtu kucheza Skaven, wakimbiaji wa mitaroni, 85,000, unaruhusiwa wanne, wana kasi ya miraba 9 kwa zamu moja na ukikubali kuthubutu na dadu unaongeza 2, nguvu yao ni 2 tu kwenye gemu ambayo binadamu wa kawaida ana 3, yaani ukiwagusa wanavunjika lakini kuwagusa ni shughuli. Timu yangu ya mwanzo ilikuwa wakimbiaji wanne, blitza wawili, wa kawaida watano, hiyo ni 770,000, halafu nafasi tatu za kurudia dadu kwa 150,000, tabibu 50,000, na 30,000 zilizobaki nikaongeza mashabiki. Imeisha, hakuna hata senti ya mfukoni. Wachezaji 11 na benchi tupu.

Sasa hawa wote ni panya. Wote wana mkia, wote wana meno, wote wamevaa vipande vya chuma vilivyookotwa. Mwenzako aliye upande wa pili wa meza, mita moja kutoka hapo, taa ya baa au ya ukumbi wa kanisa ikiwa hafifu, lazima aweze kuangalia akajua yupi ana kasi ya 9 na yupi ana kasi ya 7, bila kukuuliza kila zamu. Timu isiyosomeka inachosha na inaharibu mechi, na hata kama hujakusudia inakupa faida isiyo ya haki, manake mwenzako anafanya maamuzi akidhani yule pale ni panya wa kawaida kumbe ni blitza. Kwa hiyo mi nasema, na hili nalisimamia, kazi ya kwanza ya mchongaji na ya mpakaji ni nafasi ya mchezaji isomeke kwa umbo kabla ya rangi. Mkimbiaji awe mwembamba, ameinama mbele, hana chuma mwilini. Blitza awe na bega kubwa na amekunja ngumi. Mrushaji mkono juu, mpira umeshikwa nyuma ya sikio. Wa kawaida wasimame tu kama watu waliokuja kazini. Ukiweza kuzima rangi zote kichwani ukaona vivuli vyao vyeusi na bado ukajua nani ni nani, hiyo timu imechongwa na mtu anayecheza.

Rangi ndo zinafuata. Kwa wale wapya: msizidishe. Rangi mbili za jezi, moja kubwa moja ndogo, na zirudi kwa kila mchezaji mahali palepale, mfano bega la kulia. Andakoti nyeusi au kijivu ya kupuliza, nyembamba, nje kwenye hewa na sio chumbani, afu rangi ya msingi, afu ule wino mwembamba unaotiririka kwenye mikunjo ukakaa kama kivuli, afu unarudisha mwanga kwenye kingo kwa brashi kavu. Namba iandikwe kubwa, mgongoni kama pana nafasi, kama hapana basi kwenye ukingo wa beisi, kile kitako kisanamu kinachosimamia. Mi ukingo wa beisi naupaka kulingana na nafasi, wakimbiaji njano, blitza wekundu, wa kawaida mweusi, na nikifika mezani kitu cha kwanza namwambia mwenzangu hizo rangi kabla hatujarusha sarafu. Wachezaji wakiongezeka ujuzi kuna vipete vidogo vya plastiki vya rangi tofauti unavivisha kwenye beisi, ukumbuke nani kajifunza nini, na kwenye mashindano mara nyingi mnakubaliana rangi zake mapema. Vinaharibu picha kidogo, ni kweli. Vivae tu.

Kuna jambo ambalo watengenezaji wengi wazuri hawalifikirii kabisa na mi linaniuma sana. Kwenye gemu hii wachezaji wanalala. Akiangushwa unamlaza chali, akipigwa akazubaa unamlaza kifudifudi, ndo sheria, ndo jinsi mnavyojua hali yake. Mechi moja ya watu wanaopenda kupigana kisanamu kimoja kinaweza kulazwa na kusimamishwa mara nyingi tu, na kila mara kinagusa ubao kwa pua, kwa mkia, kwa ncha ya pembe, kwa kidole. Halafu mtu anakuuzia elfi ana shungi la nywele jembamba kama uzi limetoka juu sentimita mbili! Au panya mkia wake umeshikiliwa na kidoti cha rezini kisichozidi kichwa cha pini. Kile ni kizuri kwenye picha ya dukani tu. Kisanamu cha Blood Bowl lazima kijue kuanguka, mkia urudi kwenye mguu au kwenye beisi ushikike sehemu mbili, mikono isitanuke sana, silaha hamna, na hata vile viungo vya kawaida uvitie pini, unatoboa na drili ndogo ya mkono, unaweka kipande cha waya wa klipu ya karatasi, gundi, ndo kiungo kinadumu. Na mwisho wa yote vanishi, tena mbili, ya kwanza ngumu inayong'aa ya kulinda, ya pili ya kuua mng'ao. Bila hivyo pua za timu nzima zitakuwa nyeupe kabla ligi haijafika katikati.

Ukubwa pia uangaliwe. Zamani beisi zilikuwa za milimita 25, toleo la 2016 lilipokuja likahamia 32 na miraba ya ubao ikapanuliwa. Ukichukua timu mpya ukaiweka kwenye ubao wa zamani wanabanana mabega mpaka hujui nani yuko mraba gani, na timu ya zamani kwenye ubao mpya inaonekana imepotea. Za zamani mi nazipandisha tu kwenye beisi mpya, zinaonekana sawa, na zile za chuma zina uzito mkononi ambao plastiki haina, ukimweka orki wa chuma chini meza inasikia.

Nikitaja zamani nimekumbuka kwamba toleo la kwanza kabisa halikuwa na visanamu, wachezaji walikuwa vipande vya karatasi ngumu vya kusimamisha. Toleo la 1988 ndo lilikuja na wachezaji wa plastiki na uwanja wa povu gumu la kijivu ambao mpaka leo kuna watu wanautunza. 1994 likaja la tatu, lile ambalo wachezaji wa umri fulani hapa Uingereza wakilitaja macho yanabadilika. Baadaye kampuni ikawa inaisahau gemu kidogo kidogo, mauzo yalikuwa kwenye gemu za vita kubwa, visanamu vikapungua mpaka vikatoka kwenye orodha. Na hapa ndo pana sehemu nnayoipenda zaidi ya historia yake, wachezaji hawakuondoka. Kanuni zilikuwa zimewekwa kwenye intaneti bure zinarekebishwa kadri watu wanavyocheza, chama cha wachezaji kinachoitwa NAF kikaendelea kuratibu mashindano, Kombe la Dunia likachezwa Nottingham 2007, Amsterdam 2011, Lucca kule Italia 2015. Angalia hizo tarehe vizuri. Lucca mwaka 2015 watu wamejaa ukumbini wanachezea gemu ambayo dukani haipo! Toleo jipya lilirudi Novemba 2016.

Na watu wote hao walihitaji timu, zingetoka wapi? Zilitoka kwa wachongaji wadogo, watu wawili watatu kwenye karakana, Italia, Hispania, Poland, Marekani. Greebo wa Italia, Willy wa Hispania, na wengine wengi walichonga timu kamili za jamii ambazo kampuni mama ilikuwa haizigusi, hawatumii majina yenyewe ya gemu kwa sababu za kisheria, wanaandika tu panya-watu, wanamaji waliokufa, wanawake wa msituni, na wewe mchezaji unaelewa hapo tunamwongelea nani. Wengi wao walikuwa wachezaji wenyewe na ndo maana timu zao zina kitu kimoja ambacho boksi la dukani mara nyingi halina: ukamilifu. Boksi la dukani la Skaven lina wachezaji 12, ni fremu moja ya plastiki imerudiwa mara mbili, kwa hiyo kila panya ana pacha wake, na wakimbiaji wa mitaroni ndani yake ni wawili wakati kitabu cha 2020 kinakupa nafasi ya wanne. Na hao wanne ndo timu yenyewe! Unalazimika kununua boksi la pili, au utafute wawili kwingine. Wachongaji wadogo wanakupa 16, wote tofauti, nafasi zote zimejaa, na mara nyingi na jitu kubwa la timu ndani yake. Bei iko juu, sikatai, ila hesabu maboksi mawili halafu ulinganishe.

Siku hizi kuna printa za 3D, unanunua faili unachapa nyumbani kwa rezini ya maji inayogandishwa na mwanga. Nimeona timu nzuri sana za hivyo na zimefungua mlango kwa watu walio mbali na maduka, mtu yuko Dar au Mombasa hahitaji kusubiri kifurushi kipite forodha, anatafuta mwenye printa tu. Ila rezini hiyo ikiwa bado mbichi ni sumu kwa ngozi na mapafu, glavu na dirisha wazi sio hiari. Na zile rezini ngumu za bei rahisi zinavunjika kama biskuti, kwa gemu ya kulala na kuamka changanya na ile yenye unyumbufu.

Sasa nije kwa timu yangu.

Inaitwa Panya Buku wa Morogoro. Kwa mtu wa Tanzania sina haja ya kueleza sana, wale panya wakubwa wanaofundishwa na APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine, wananusa baruti ardhini, ni wepesi kiasi kwamba bomu halilipuki wakilikanyaga, na wengine wananusa kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania akapelekwa Cambodia akafichua mabomu ya ardhini zaidi ya 70, na 2020 shirika la Uingereza la PDSA likamvisha medali yake ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Alikufa Januari 2022. Nilipoanza kupanga timu ya Skaven, ambao kwenye hadithi za hii gemu ni viumbe waoga, wachafu, wasaliti, sikutaka kuwachora hivyo. Mi natoka kwenye nchi ambayo panya wake wameokoa watu. Nikawapa jezi ya kijani ya milima ya Uluguru na mistari ya njano, na kila mmoja nikamchorea mkanda kifuani, mwembamba, kama ule wanaofungwa wale wa kweli wakiwa kazini. Majina: Mkia Moto, Kidole, Bi Kasi, Mzee wa Mindu, Chapuchapu. Namba 7, mkimbiaji, Magawa.

Kazi ya Magawa ilichukua muda kuliko wengine. Manyoya yake nimeyapaka kahawia yenye kijivu tumboni kama panya buku mwenyewe, nikiwa na picha mbele yangu, na masikio yana pinki iliyopauka ambayo nilichanganya mara kadhaa mpaka ikakaa. Kwenye jezi kuna kinukta cha dhahabu, medali. Wachezaji wenzangu wakiuliza nawasimulia, na wengi walikuwa hawajui kabisa kwamba hao panya wapo. Alikuwa mchezaji hatari. Mabao yanampa mchezaji pointi tatu tatu za uzoefu, pointi zikitosha ananunua ujuzi, na yeye alikuwa ameshanunua ujuzi wawili. Watu kwenye ligi wakaanza kupanga mechi zao kwa ajili yake, namba 7 amesimama wapi, nani wa kumkaba. Kitu kidogo cha plastiki, sentimita tatu na kitu, kina sifa mji mzima.

Tukakutana na timu ya wafu. Hao wana maiti zilizofungwa vitambaa kama za Misri, nguvu 5, polepole lakini wakikufikia basi. Magawa alikuwa amebaki mraba mmoja pembeni, maiti ikafika. Nguvu 5 dhidi ya 2 ni dadu tatu na mpigaji anachagua anayoitaka. Akaanguka, deraya ikavunjika, jeraha likavuka 10, na ile dadu ya pande 16 inayoamua ukubwa wa maumivu ikasimama kwenye 16. Tabibu nilikuwa nimeshamtumia kipindi cha kwanza kwa Kidole. Na timu ya wafu ina sheria yake, ukiua mchezaji wa kawaida wa mwenzako anafufuka zombi, papo hapo anaingia benchi yako. Yule jamaa alinyamaza kidogo halafu akaniuliza kama naruhusu. Sheria haimtaki aombe ruhusa. Nikamwambia mchukue.

Wiki zilizofuata akaniandikia anataka rangi zangu, chapa gani ya kijani, njano ipi, mkanda unapita bega lipi. Nikampelekea vichupa vyenyewe. Alichukua panya wa plastiki akamkata sikio, akamchana jezi kwa kisu, mbavu akazichonga kwa udongo wa epoksi, ngozi akaipaka ule ukijani uliopauka wa timu yake, lakini jezi akaiacha ya Morogoro, namba 7, na kile kinukta cha dhahabu akakiweka kimefubaa, kimeingia kutu. Ni kisanamu bora kabisa kwenye ligi nzima na sio changu. Kwangu namba 7 haivaliwi, Magawa wa mwanzo yuko kwenye boksi lilelile anasafiri na timu, na mkimbiaji mpya amevaa 17.

Mechi ya marudiano ilichezwa mwisho wa msimu. Zombi Magawa, kasi 4 sasa badala ya 9, akapangwa pembeni kabisa upande nnaopenda kupita, na jamaa alifanya hivyo makusudi, akijua mi lazima nipite pale. Mpira alikuwa nao Mkia Moto. Nilihesabu miraba mara mbili, kila njia nyingine ilikuwa na wafu wawili. Kumkwepa zombi mmoja unahitaji dadu ije mbili kwenda juu, na Mkia Moto akikosea ujuzi wake wa kukwepa unamruhusu arushe tena. Dadu ya kwanza ikaja moja, ya pili tano, Mkia Moto akapita mbele ya namba 7 akafunga, tukashinda 2–1.